Ufa Wenye Tarehe

Mjomba wangu ni fundi mwashi, na kuna methali moja hawezi kuivumilia. Unaijua, msomaji, tumeiandika wote kwenye madaftari ya darasa la nne: usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye anasema aliyeitunga hakuwa fundi, alikuwa mwenye nyumba. "Ukiziba ufa umeifunga nyumba mdomo. Sasa itakuambiaje kwamba inaumwa?"

Mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo ilikuwa Desemba 2005. Nilikuwa likizo nyumbani Mabamba, wilaya ya Kibondo, kule ambako ukipanda kidogo unaiona Burundi ikiwa imekaa ng'ambo kama jirani aliyetoka nje kuota jua. Tarehe 5, mchana, ardhi ilitikisika. Baadaye redio ikasema kitovu kilikuwa Ziwa Tanganyika, ukubwa 6.8, na kwamba walioumia zaidi walikuwa wenzetu wa upande wa Kongo, Kalemie. Kwetu sahani zilicheza, mbwa wakabweka, kisha kimya. Jioni bibi akaona ufa kwenye kona ya sebule, umepanda kwa ngazi kutoka tofali hadi tofali, kutoka sakafuni mpaka karibu na lenta.

Bibi alitaka upigwe plasta kesho yake. Mjomba akakataa. Alichukua penseli yake, ile bapa ya fundi, akachora mstari mfupi pale ufa ulipoishia juu, akaandika tarehe. Kisha akatoa misumari mfukoni. Wa inchi mbili uliingia. Wa inchi tatu haukuingia. Akaandika "2" pembeni, akasema tusubiri.

Tulisubiri miezi minane. Kila alipokuja kula kwetu alipima kabla ya kunawa mikono. Msumari wa tatu haukuingia mvua zote, haukuingia kiangazi chote. Agosti akasema, "Huu umekufa. Zibeni."

Ndiyo somo la kwanza nililopata kuhusu jambo ambalo wahandisi leo wanalifanya kwa mashine za mamilioni: kwamba nyufa ziko hai na nyufa ziko mfu, na kwa macho ya siku moja huwezi kuzitofautisha. Ufa mwembamba unaotembea ni hatari kuliko mpana uliolala. Unachohitaji ni muda, tena muda ulioandikwa. Mtu akikuambia "ufa huu ulikuwepo siku zote", mwombe tarehe.

Sitaki kuwachosha wapenzi wa fasihi kwa habari za zege, lakini vumilieni kidogo. Mwanamke anayejua kununua chungu sokoni haangalii rangi. Anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kizima kinalia. Chenye ufa, hata usioonekana, kinatoa sauti butu. Basi madaraja makubwa siku hizi yanasikilizwa hivyo hivyo. Yanafungwa vihisi vinavyopima mtikisiko, mkazo, joto na upepo, usiku na mchana. Daraja la Tsing Ma kule Hong Kong, lililofunguliwa 1997, lina mamia yake. Kila muundo una mdundo wake wa asili, na ukipoteza ugumu mahali fulani mdundo unashuka. Kuna daraja moja la Uswisi, wahandisi wanaliita Z24, ambalo kabla ya kubomolewa mwaka 1998 lilisikilizwa karibu mwaka mzima likiwa zima, kisha likajeruhiwa makusudi, hatua kwa hatua, ili wajue sauti ya jeraha ikoje. Walichogundua ni kwamba baridi peke yake, lami ikiganda, ilibadilisha mdundo kuliko walivyotarajia. Yaani daraja lilikuwa na hali zake za msimu kama mtu, na kazi ngumu ikawa kutenganisha hali ya hewa na ugonjwa.

Nikimwambia mjomba habari za Z24 anacheka. Anasema hata nyumba za kwetu zinapumua: udongo wa mfinyanzi unavimba mvua zikija na kusinyaa kiangazi, na mtu mwenye haraka atapima Novemba, atapima Desemba, atawatangazia watu kiama.

Lakini sikuja hapa kuandika habari za misumari. Nimekuja kwa sababu ya swali ambalo limenikaa toka mwaka 2018 na sijalimaliza: je, ni haki kupima kitu ambacho huna uwezo wa kukitengeneza? Na ukishapima, majibu ni ya nani?

Novemba 2018 nilirudi Mabamba msibani. Wakati huo nilikuwa tayari mwandishi wa habari mjini. Baada ya maziko nikapita kumsalimia mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi, ambaye sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine ya jirani. Shule yenyewe siitaji, mtaelewa kwa nini. Shikamoo, marahaba, habari za kazi, kisha akaniambia, "Twende nikuonyeshe kitu, ila kamera iache hapa."

Ilikuwa darasa la tatu. Kona ya nyuma, upande ambao maji ya bati yalimwagika chini bila mfereji, ukuta ulikuwa umepasuka kwa ngazi ile ile niliyoijua. Watoto zaidi ya themanini, wengine wamekaa chini, na wale wa nyuma migongo yao ilikuwa inagusa ukuta wenyewe.

"Nimewaambia wanaohusika," mwalimu alisema. "Nimeandika barua. Nikisema zaidi, darasa litafungwa. Likifungwa hawa nawapeleka wapi? Hii mvua unaiona."

"Mwalimu, ukuta ukianguka?"

"Na usipoanguka?"

Akaniomba nisiandike. Hakuniomba kama ofisa anayeficha kitu, la hasha. Aliniomba kama mtu mwenye watoto themanini na paa moja. Nikamwahidi. Nilichofanya badala yake ni kumleta mjomba.

Mjomba alipiga msumari wa inchi tatu, ukaingia. Wa inchi nne ukagoma. Akachora, akaandika tarehe. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha suala zima. Aliwaita mwalimu, mwenyekiti wa kamati ya shule na wazazi wawili waliokuwa wakipita, akawaambia mbele ya ukuta: "Mimi siwezi kuwaambia utaanguka lini. Hakuna mtu anaweza. Ila leo, tukiwa tumetulia, tukubaliane. Siku msumari wa inchi nne utakapoingia, watoto wanatoka. Hatujadili siku hiyo. Tunajadili leo."

Mwenyekiti akauliza kwa nini inchi nne na siyo tano. Mjomba akakiri kwamba hana sababu kubwa. Namba yoyote ingekuwa na ubishi wake. Alichotaka ni kwamba namba iwepo kabla ya hofu na kabla ya kuoneana aibu.

Nimeyafikiria maneno hayo kila mara jengo lilipoanguka tangu hapo, na hata yaliyoanguka kabla.

Chukua Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilitokea kwenye nguzo. Watu wakatolewa. Televisheni ikapiga picha za nyufa zenyewe. Benki iliyokuwa na ofisi ndani ikawaambia wafanyakazi wake wasirudi. Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wengi wao wanawake, waliamriwa kurudi kwenye cherehani, na jengo likaporomoka. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Pale tatizo halikuwa kutokujua. Ufa ulionekana, ulipigwa picha, ulitangazwa. Ila uamuzi wa ufa upi ni mkubwa mno uliachwa kwa mwenye oda ya kusafirisha, tena siku ile ile ambayo oda ilikuwa inamsubiri. Wa benki na wa cherehani waliona ufa mmoja. Waliotofautiana ni uwezo wa kusema "leo siingii".

Au njoo karibu. Nairobi kuna utaratibu wa wakaguzi wa majengo kuchora alama ya X kwenye ukuta wa jengo lisilofaa kukaliwa. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma usiku wa 29 Aprili 2016, kwenye mvua kubwa, na kuua watu wapatao hamsini, lilikuwa tayari limeorodheshwa kwa kubomolewa. Watu waliendelea kulala humo. Tunapenda kusema maskini hawajui hatari. Hivi kweli? Mtu anayepita chini ya X kila jioni akirudi na unga wake anaijua X kuliko aliyeichora. Anachokosa ni chumba kingine kwa kodi ile ile. Kumpa mtu huyo taarifa tu, bila kitu kingine, ni kama kumsomea hukumu kisha ukamwachia ufunguo wa selo aingie mwenyewe.

Hapo ndipo mwalimu wangu aliposimama, na nakiri hoja yake ina nguvu. Mkaguzi anakuja, anapima, anaandika, anaondoka. Yeye ametimiza wajibu. Mzigo wa kujua umebaki kwa wanaolala ndani. Kuna ukaguzi ambao kazi yake hasa ni kuhamisha lawama, na siku jengo likianguka karatasi ziko kamili.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili. Jumamosi, 16 Novemba 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi ya biashara. Walikufa zaidi ya watu ishirini na wengi zaidi ya themanini wakaokolewa, baadhi yao wakiwa wamekwama chini ya jengo kwa saa nyingi huku waokoaji wakiwasikia. Siku zile kila mtu mjini alikuwa na jambo alilolijua: kuhusu uchimbaji wa chini kuongeza maduka, kuhusu majengo ya jirani, kuhusu nguzo aliyoiona. Mimi mwenyewe niliandika habari, nikahojiana na watu, na jioni ya pili nikatambua kwamba nusu ya niliyoandika yalikuwa yanajulikana wiki moja kabla. Miaka kumi na moja nyuma, Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliangukia watu na kuua 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza pembeni. Kila baada ya msiba tunaunda tume, na tume inakuja kukusanya maarifa ambayo yalikuwa mitaani bure. Msamiati wetu una neno tetesi. Jengo linapoanguka, tetesi zinapandishwa cheo zinakuwa ushahidi.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kutopima ni huruma. Mwalimu alikuwa anajua tayari. Watoto wa safu ya nyuma walikuwa wanajua, maana mmoja alimwambia mjomba kwamba siku za upepo wanapitisha karatasi kwenye ufa na inatoka nje. Kitu ambacho hakikuwepo ni tarehe, yaani kujua kulikoandikwa mahali ambapo mtu hawezi kukukana.

Na hapa nawageukia wapenzi wa vihisi, maana kuna imani siku hizi kwamba teknolojia itatuondolea aibu hii. Itatuondolea sehemu. Daraja la Morandi kule Genova, lililoanguka 14 Agosti 2018 na kuua watu 43, lilikuwa na nyaya zake za chuma zimefunikwa ndani ya zege. Ilionekana ni ulinzi, kumbe pia ni pazia. Riccardo Morandi mwenyewe aliandika mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba hewa ya bahari ilikuwa inalila daraja lake na linahitaji uangalizi usiokatika. Mbunifu alilionyesha jeraha la kazi yake mwenyewe miaka arobaini kabla. Na Daraja la Silver kule Marekani, Desemba 1967: watu 46 walikufa kwa ufa wenye kina cha milimita kama mbili na nusu, ndani ya kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo hakuna jicho wala msumari wa mjomba ungefika. Kwa hiyo vihisi ndiyo, vije. Swali langu ni taarifa zake zinaenda wapi. Zikienda kwenye kompyuta ya ofisi iliyo mbali, ambayo wapita darajani hawaijui, basi tumepata namna mpya ya watu wachache kujua na watu wengi kulala.

Kuna kisa kimoja ambacho wahandisi hufundishwa kama mfano wa uadilifu, nami kinanisumbua. Mwaka 1978 mhandisi William LeMessurier, kufuatia maswali ya mwanafunzi mmoja, aligundua kwamba jengo la Citicorp la New York, ghorofa 59, alilolisimamia yeye, lingeweza kuangushwa na upepo mkali unaopiga kwenye kona. Viungo vilikuwa vimefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, aliwaambia wenye jengo na mji, na marekebisho yakafanyika. Hapo sina neno, mtu yule alihatarisha jina lake. Ila mafundi walichomelea usiku, siri, watu wakirudi asubuhi kazini bila kujua. Na ikatokea kwamba magazeti ya New York yalikuwa kwenye mgomo wakati ule. Umma haukujua mpaka 1995, pale jarida la The New Yorker lilipochapisha kisa chote. Miaka kumi na saba.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nilipokisoma mara ya pili, baada ya Mabamba, nikajiuliza: maelfu waliokuwa wakipanda lifti zile, na wakazi wa mitaa ya chini ambako jengo lingeangukia, walipewa nafasi gani ya kusema "leo siingii"? Wenye siri walikuwa na mpango wa kuhamisha watu kimbunga kikija. Walikuwa na namba yao, kama mjomba. Ila waliijadili mbele ya wanasheria, siyo mbele ya ukuta.

Na mimi? Mimi nilikuwa mgomo wa mtu mmoja. Kalamu ninayo, ufa nimeuona, nimeahidi kunyamaza. Najitetea kwamba LeMessurier alinyamaza huku anachomelea na mimi nilinyamaza huku nimeleta fundi. Utetezi huo unanitosha siku nyingine, siku nyingine haunitoshi.

Sasa sehemu ambayo ni ngumu. Februari 2019 msumari wa inchi nne uliingia. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu. Mjomba aliniambia kwenye simu kwamba mwalimu alisimama akautazama msumari ulioingia, kisha akageuka akawaambia watoto wakusanye madaftari. Hakujadili. Hilo namvulia kofia mpaka leo, maana hakuna aliyekuwa anamlazimisha, na ofisi yoyote ingeweza kumuuliza kwa nini amefunga darasa kwa ushauri wa fundi wa kijijini na msumari.

Watoto walihamishiwa chini ya mwembe, mvua ikinyesha kwenye jengo la kanisa, kanisa likiwa na shughuli majumbani kwao. Wazazi walichangishana, wakachimba ile kona, wakajaza mawe na zege, wakachimba na mfereji wa maji ya bati. Kazi ilikwenda polepole kama kazi za michango zinavyokwenda. Julai, baada ya wiki nyingi za kiangazi bila ufa kusogea, watoto wakarudi. Ukuta haukuanguka. Umesimama hadi leo.

Na watu wakaanza kusema. Eti mzee alitoa watoto mvuani miezi mitano kwa ajili ya ukuta ambao haukuwa na nia ya kuanguka. Je, ulisimama kwa sababu ya mawe au ungesimama wenyewe? Mjomba hajui. Hakuna atakayejua. Hili ni jambo ambalo halina tiba katika kazi nzima ya kuzuia maafa: ukifaulu, hakuna kilichotokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina shahidi. Aliyezembea akapata bahati na aliyejihadhari wanaonekana sawasawa, tofauti ni kwamba aliyejihadhari ametumia fedha za watu.

Lakini kuna kitu kilichotokea. Katika watoto wale zaidi ya themanini, msichana mmoja hakurudi Julai. Miezi ile ya mwembe na kanisa, siku ambazo masomo hayakuwepo, alianza kumfuata shangazi yake sokoni siku za gulio, wakati Warundi wanavuka na maharage na ndizi zinapakiwa. Akazoea, na nyumbani wakazoea hela yake ndogo. Mwalimu alikwenda kwao mara mbili. Mjomba akaenda mara moja, akarudi hasemi. Sasa ni msichana mkubwa, nilimwona mwaka jana na beseni la karanga. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akiwa hanijui mimi ni nani katika habari yake.

Mtu wa hesabu ataniambia: mmoja dhidi ya themanini. Sawa. Ila wale themanini hawakuwa hakika na huyu mmoja ni hakika. Nimejaribu kupanga hesabu hiyo kwa namna nyingi na kila mara inaangukia upande ule ule, kwamba ilikuwa haki kuwatoa, na kila mara nabaki na beseni la karanga upande mwingine wa mizani, halisogei. Na kama ningeandika ile Novemba? Pengine aibu ya gazetini ingeleta darasa la muda, mahema, chochote, kabla ya Februari. Au ingemwondoa mwalimu kazini na kumleta mwingine ambaye angepiga plasta. Nilichagua kutunza ahadi kwa mwalimu wangu. Simlaumu yeye. Ila yule msichana hakuwepo tulipokuwa tunaahidiana.

Wasomaji wa Kusadikika mtakumbuka wale wajumbe sita wa Shaaban Robert, wanaosafiri pande zote na kurudi na habari ya mambo ambayo nchi yao ingeweza kuyarekebisha, na wote wakaishia gerezani. Tukisoma shuleni tulifundishwa kwamba ni kitabu kuhusu watawala wasiotaka kuambiwa. Ni kweli. Siku hizi nakisoma nikiwafikiria pia wananchi wa Kusadikika waliobaki nyumbani, ambao habari zile zilikuwa zao na hakuna aliyewapa. Mjumbe alipeleka habari barazani tu. Sijui kama Shaaban Robert angekubali usomaji huu, lakini ufa umenifundisha kuuliza mjumbe anapita mlango gani.

Kwa kuwa nimetaja madaraja, nieleze na hili. Zamani, njia za huku kwetu zilipokuwa na madaraja ya magogo, basi likifika kwenye kijito konda alishuka kwanza. Anatembea juu ya magogo, anaruka kidogo, anasikiliza. Kisha abiria wote wanashuka, basi linavuka tupu, sisi tunafuata kwa miguu. Hakuna aliyeficha kitu. Bibi kizee, mtoto, mfanyabiashara wa mitumba, wote tuliliona gogo lililooza na kila mmoja alikanyaga kwa hiari yake. Leo sehemu nyingi za mkoa TARURA imejenga madaraja ya mawe, ya upinde, na nayapenda, siyo kwa bei yake tu. Upinde wa mawe hauna chuma kilichofichwa tumboni kinachooza kimya. Jiwe likisogea linaonekana limesogea, na mtu yeyote anayepita na ng'ombe wake anaweza kuwa mkaguzi. Sisemi tujenge kila kitu kwa mawe, Kigamboni hakuvukiki kwa upinde wa mawe. Nasema kuna heshima fulani katika muundo unaomwonyesha mpita njia hali yake.

Kinyume chake ni Beit al-Ajaib. Jumba la 1883, katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja, mbele ya macho ya watalii wa dunia nzima. Sehemu yake ilishaanguka miaka kadhaa nyuma, kila mtu akijua ni mgonjwa, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, upande mmoja uliporomoka na kuua watu wawili. Walikufa waliokwenda kulitibu. Sijapata kuona mahali pengine ambapo kujua kulikuwa kwingi hivyo na bado gharama ikalipwa na watu wawili wenye makoleo.

Nilikuwa Mabamba tena mwezi uliopita. Mwalimu amestaafu. Mgeni wa ngazi za juu alitarajiwa shuleni, kwa hiyo darasa la tatu lilikuwa limepakwa rangi, kijani chini na cheupe juu, vizuri kabisa. Tarehe zote za mjomba zimefunikwa. Nilidhani atakasirika. Alitoa daftari lake la kaunta mfukoni, limechakaa, akatafuta ukurasa, akahesabu matofali kutoka dirishani mpaka akaipata kona kwa vidole.

"Mjomba, nimulikie," akaniambia. Huwa ananiita mjomba kama ninavyomwita.

Nikawasha tochi ya simu. Alikwangua rangi kwa ncha ya mwiko, kipande kama cha kiganja, hadi ufa ukaonekana. Msumari wa inchi nne uliingia kama zamani. Akachukua wa inchi tano, akausukuma, akausukuma tena.

"Umeingia?"

"Haujaingia. Andika tarehe. Macho yangu siku hizi."

Akanipa penseli.